Lebo ya Wigo wa Rangi katika Video za Utafiti wa Lugha, na Namna ya Kuisahihisha bila ya Kuigusa Picha

1. Shabaha ya makala

Makala haya yanahusu jambo dogo la ufundi ambalo, kwa udogo wake, laweza kuwafanya wataalamu wa lugha waharibu kwa mikono yao wenyewe kumbukumbu wasizoweza kuzipata mara ya pili. Jambo lenyewe ni lebo ya wigo wa rangi katika faili la video: alama moja inayoiambia mashine jinsi ya kuzisoma tarakimu za weusi na weupe zilizomo katika picha. Alama hiyo ikikosewa, picha huonekana mbovu, ingawa picha yenyewe ni nzima. Wengi waonapo hivyo hufikiri ya kwamba hapana budi video itengenezwe upya tangu mwanzo. Shabaha yetu ni kueleza kwa nini dhana hiyo si sawa, na dawa iliyo sawa ni ipi.

Mifano yetu tumeichukua Masasi na Newala, kusini-mashariki mwa Tanzania. Masasi iko bondeni, kati ya milima yake ya mawe. Newala iko juu, ukingoni mwa uwanda wa Makonde, ikilitazama bonde la mto Ruvuma. Katika nchi hiyo husikika Kimakonde, Kimakua, Kiyao na Kimwera, pamoja na Kiswahili, na wazee wanaozijua ngano, mafumbo na nyimbo za jando na unyago kwa ukamilifu wake wanapungua mwaka hata mwaka. Video iliyochukuliwa leo kwa mzee wa miaka tisini haiwezi kuchukuliwa tena kesho.

2. Kumbukumbu za kale za nchi hiyo

Si jana wala juzi watafiti wa lugha walipoanza kuitazama nchi hii. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere, mwandishi wa kitabu mashuhuri cha sarufi ya Kiswahili, aliwaongoza watu waliokombolewa utumwani kwenda kusini, wakafanya makao yao Masasi. Mwenzake wa misheni hiyohiyo, Chauncy Maples, alitoa kitabu kidogo cha Kimakua mwaka 1879. Baadaye Lyndon Harries, ambaye wasomaji wengi wanamjua kwa kazi zake za ushairi wa Kiswahili, alifanya kazi ya misheni katika sehemu hizo, akaandika juu ya lugha zake. Na mwaka 2005 Peter Kraal alitoa sarufi ya Kimakonde cha Chinnima, yaani lahaja ya uwanda wenyewe.

Lakini anayetuhusu zaidi hapa ni Karl Weule wa makumbusho ya Leipzig. Mwaka 1906, alipozuiwa asifuate njia aliyokuwa ameikusudia, alikwenda Lindi, na kutoka Lindi akafika Masasi na Newala. Kitabu chake juu ya safari hiyo kilifasiriwa kwa Kiingereza mwaka 1909 na Alice Werner, mwanamke ambaye jina lake halihitaji kuelezwa katika elimu ya Kiswahili. Weule alichukua vyombo viwili vilivyokuwa vigeni katika kazi ya namna hii: fonografu ya kunasia sauti juu ya mirija ya nta, na kamera ya filamu. Filamu zake ni miongoni mwa filamu za mwanzo zilizopigwa na mtaalamu wa mila katika Afrika ya Mashariki.

Vyombo hivyo vilikuwa na udhaifu mmoja unaofanana sana na jambo letu. Kamera za filamu za siku zile zilizungushwa kwa mkono, na filamu yenyewe haikuandikwa popote kasi ya mzunguko ule. Mtu akiionyesha filamu kama hiyo kwa kasi ya picha 24 kwa sekunde, ilhali ilipigwa kwa picha 16, wachezaji wa ngoma huonekana wakirukaruka kama vikaragosi. Je, filamu imeharibika? La. Filamu ni ileile. Kilichokosekana ni habari ya kasi yake. Mirija ya nta nayo ilikuwa vivyo hivyo: mzunguko ukiwa wa haraka kuliko ule wa kurekodia, sauti ya mwanamume hupanda ikawa kama ya mtoto. Ndiyo maana hazina ya sauti ya Berlin, iliyoanzishwa mwaka 1900, iliwaagiza wasafiri wapulize kipenga chenye sauti inayojulikana mwanzoni mwa kila mrija, ili msikilizaji wa baadaye azungushe mrija mpaka sauti ya kipenga iwe sawa, na hapo uimbaji nao utakuwa sawa. Kipenga hakikuongeza neno katika wimbo, wala hakikupunguza. Kilieleza tu jinsi ya kuusikiliza.

Pana na kosa la lebo la namna ya pili, nalo ni la majina. Miongoni mwa nyimbo alizozinasa Weule katika safari hiyo ya kusini zimo za wapagazi wake Wanyamwezi. Mwenye kuorodhesha akifuata mahali peke yake, ataandika kwamba ni nyimbo za kusini, ilhali waimbaji ni watu wa Unyamwezi. Kadhalika watu waliotoka ng'ambo ya Ruvuma waliandikwa katika vitabu vingi kwa jina la Wamawia au Wamaviha, na wao wenyewe hujiita Wamakonde. Hakuna mtu mwenye akili ambaye, kwa ajili ya kulisahihisha jina hilo, angeukwangua mrija wa nta. Angechukua kalamu, akarekebisha daftari. Katika video za leo kanuni ni ileile, ila daftari limefichwa ndani ya faili, na wengi hawajui kwamba lipo.

3. Wigo wa rangi ni nini

Picha ya video katika kompyuta ni mkusanyiko wa tarakimu. Kila nukta ya picha ina tarakimu inayoonyesha kiasi cha mwanga wake, na tarakimu nyingine mbili za rangi. Katika video ya kawaida, ya biti 8, tarakimu ya mwanga yaweza kuwa yoyote tangu 0 hata 255. Mtu angetazamia kwamba 0 ni weusi mtupu na 255 ni weupe mtupu. Mara nyingine ndivyo ilivyo, na hesabu hiyo tutaiita wigo kamili.

Lakini kanuni za televisheni za tarakimu, ambazo msingi wake uliwekwa na kamati ya kimataifa mwaka 1982, zilichagua njia nyingine. Weusi ulipewa tarakimu 16 na weupe 235, na nafasi zilizobaki chini na juu ziliachwa ziwe kama baraza ya nyumba: mahali pa kupokea mawimbi ya umeme yanayopita kiasi kidogo, yasije yakakatwa ghafula. Tarakimu za rangi zilipewa nafasi tangu 16 hata 240. Katika video ya biti 10, weusi ni 64 na weupe ni 940. Hesabu hii tutaiita wigo wenye mipaka. Video nyingi duniani, pamoja na matangazo karibu yote ya televisheni, hufuata wigo huu hata leo.

Skrini ya kompyuta yenyewe hutumia 0 hata 255. Kwa hiyo mashine ikiambiwa kwamba video ni ya wigo wenye mipaka, huitanua: huchukua kila tarakimu, huondoa 16, huzidisha kwa 255, kisha hugawanya kwa 219. Hivyo 16 huwa 0, na 235 huwa 255. Ikiambiwa kwamba video ni ya wigo kamili, huiacha kama ilivyo. Mashine haina macho ya kuitambua picha. Hufuata lebo tu.

Sasa yatazame makosa mawili yanayoweza kutokea. La kwanza: video ni ya wigo wenye mipaka, lakini lebo yasema wigo kamili. Mashine haitaitanua. Weusi utabaki 16, nao ni kijivu kizito. Weupe utabaki 235, nao ni weupe uliofifia. Picha nzima itaonekana kama iliyopitiwa na ukungu. La pili: video ni ya wigo kamili, lakini lebo yasema ina mipaka. Mashine itaitanua isiyohitaji kutanuliwa. Kila tarakimu tangu 0 hata 16 itakuwa weusi mmoja, na kila tarakimu tangu 235 hata 255 itakuwa weupe mmoja. Picha itaonekana kali, yenye vivuli vilivyojaa wino.

Lipo jambo moja la hesabu linaloeleza kwa nini kosa hili hupita bila ya kugunduliwa. Tarakimu 126, ikitanuliwa kimakosa, huwa 128. Tarakimu 113 haibadiliki kabisa. Lakini tarakimu 30 huwa 16, na tarakimu 12 hupotea katika weusi. Maana yake ni kwamba sehemu ya katikati ya mwanga haiguswi sana, na madhara yote huangukia pembeni, hasa katika vivuli. Mtu akijaribu vyombo vyake kwa kupiga picha ya ukuta wa kijivu, hataona kosa lolote.

Katika Masasi na Newala, basi, kosa hili linagusa nini? Linagusa kile hasa tunachokitafuta. Wazee wa Kimakonde wenye chale za usoni, zile waziitazo dinembo, ni watu wa umri mkubwa sasa, na mistari ya chale hizo huonekana kwa tofauti ndogo za kivuli juu ya ngozi nyeusi. Vinyago vya mpingo navyo husomwa kwa njia hiyohiyo: mkunjo wa mkono na mkunjo wa uso hupambanuliwa kwa weusi mmoja na weusi ulio jirani yake. Ngoma ya mapiko ikichezwa jioni, sura iliyochongwa huwa katika kiza zaidi ya nusu. Na mtaalamu wa fonetiki aitazamaye midomo ya msemaji, ili aone kama imefumbwa au imeviringwa, huwa anamtazama mtu aliyekaa kivulini chini ya mkorosho, nyuma yake jua kali la uwandani. Katika picha ya namna hiyo kivuli na mwanga wa jua viko pembeni kabisa mwa wigo, na hapo ndipo lebo mbovu inapokula. Mtafiti ataandika "haionekani", kumbe inaonekana. Imefunikwa na hesabu isiyotakiwa.

4. Mahali lebo inapokaa

Faili la video lina sehemu mbili ambazo yafaa zipambanuliwe. Ya kwanza ni mkondo wa picha, yaani picha zenyewe zilizosimbwa kwa kanuni fulani. Kanuni inayotumika zaidi ni H.264, iliyotolewa mwaka 2003. Ya pili ni kasha, yaani kile kinachofunga pamoja mkondo wa picha, mikondo ya sauti, na maandishi ya tafsiri kama yapo. MP4 na Matroska ni majina ya makasha.

Lebo ya wigo yaweza kukaa katika mkondo, au katika kasha, au katika zote mbili. Ndani ya mkondo wa H.264 ni biti moja tu: 0 maana yake wigo wenye mipaka, 1 maana yake wigo kamili. Biti hiyo haiandikwi mara moja. Imo katika maelezo ya mwanzo ya mkondo, na maelezo hayo aghalabu hurudiwa mara kwa mara ndani ya faili. Ikikosekana kabisa, mashine hutakiwa kudhani kwamba wigo una mipaka. Katika kasha la MP4 pana kisanduku kidogo cha habari za rangi chenye biti yake ya wigo. Katika Matroska pana namba: 1 kwa wigo wenye mipaka, 2 kwa wigo kamili.

Lebo hizi mbili zikipingana, programu moja yaweza kuifuata ya kasha na nyingine ikaifuata ya mkondo. Ndipo hutokea ubishi wa ajabu: mtafiti aliyeko Mtwara asema picha ni safi, na mwenzake aliyeko Dar es Salaam asema imefifia, na wote wawili wanatazama faili lilelile. Kila mmoja asema kweli.

5. Asili ya kosa na jinsi ya kulitambua

Aghalabu kosa halizaliwi katika kamera, bali katika kutoa video iliyohaririwa. Baadhi ya simu hurekodi kwa wigo kamili, ilhali kamera nyingi za video hurekodi kwa wigo wenye mipaka. Mtafiti akiziweka pamoja katika programu ya kuhariri, akaongeza jina la msimulizi, tarehe na kijiji, kisha akaitoa video iliyokamilika, yawezekana programu ikaandika tarakimu za wigo mmoja na lebo ya wigo mwingine. Sababu huwa ni chaguo moja lililoachwa katika ukurasa wa mipangilio.

Kabla ya kusahihisha chochote, yapasa kuhakikisha ya kwamba kosa limo ndani ya faili. Skrini na projekta nazo zina mpangilio wao wa wigo, nao waweza kukosewa. Kwa hiyo faili litazamwe kwa mashine mbili na programu mbili; kisha itazamwe kando yake video nyingine inayojulikana kuwa ni sahihi. Ikiwa zote mbili zimefifia, mkosa ni skrini.

Kisha zitazamwe tarakimu zenyewe. Zipo programu zinazochora histogramu, yaani mchoro unaoonyesha nukta ngapi zina tarakimu gani. Ikiwa nukta nyingi za kivuli zimekusanyika tangu 16 kwenda juu, na chini ya 16 hakuna kitu ila vumbi kidogo, basi video ni ya wigo wenye mipaka, hata lebo yake iseme nini. Ikiwa nukta nyingi ziko kati ya 0 na 15, ni ya wigo kamili. Upande wa weupe usitegemewe peke yake, kwa sababu kamera nyingi za wigo wenye mipaka huruhusu mwanga mkali upite 235, na anga la Newala mchana lina mwanga mkali wa kutosha.

Ushahidi ulio bora kuliko wote ni ukurasa wa jina uliowekwa na programu mwanzoni mwa video: maandishi meupe juu ya weusi. Weusi huo haukutoka katika kamera. Ulitengenezwa na programu, nao ni weusi mtupu. Ukisomeka 16, wigo una mipaka; ukisomeka 0, wigo ni kamili. Ukurasa huo hufanya kazi ileile ya kipenga cha Berlin: ni kipimo kinachojulikana, kilichowekwa mwanzoni ili yanayofuata yapate kupimwa. Mtafiti ambaye hana desturi ya kuweka ukurasa wa namna hiyo na aanze sasa.

6. Kusahihisha bila ya kusimba upya

Njia inayowajia wengi upesi ni kuifungua video katika programu ya kuhariri, kuongeza au kupunguza weusi kwa macho mpaka ipendeze, kisha kuitoa tena. Hapo video husimbwa upya. Kusimba kwa H.264 katika kazi za kawaida ni kusimba kwa kupoteza: programu hutupa habari ambazo inadhani jicho halitaziona, na vivuli ndiko inakopenda kutupa. Kila mara video inaposimbwa tena, hupotea tena. Saa moja ya video ya picha 25 kwa sekunde ina picha 90,000, na zote hizo zitapitishwa tena katika chujio kwa ajili ya biti ambayo haikuwa sehemu ya picha hata moja.

Njia iliyo sawa ni kuinakili mikondo yote kama ilivyo, na kuibadilisha lebo peke yake wakati wa kunakili. Programu ya ffmpeg, inayopatikana bure, hufanya hivyo kwa agizo moja. Tuseme tumehakikisha kwamba tarakimu ni za wigo wenye mipaka, na lebo yasema kamili. Agizo litakuwa:

ffmpeg -i asili.mp4 -map 0 -c copy -bsf:v h264_metadata=video_full_range_flag=0 nakala.mp4

Sehemu ya "-c copy" ndiyo inayokataza kusimba upya. Sehemu ya "h264_metadata" ndiyo inayoibadilisha biti ya wigo kila mahali inapoandikwa ndani ya mkondo. Kosa likiwa la upande wa pili, 0 mwishoni mwa agizo iwe 1. Mkondo ukiwa wa H.265, jina litakuwa "hevc_metadata". Sehemu ya "-map 0" isidharauliwe: bila ya hiyo programu huchagua mkondo mmoja wa picha na mmoja wa sauti, na mingine huiacha. Mtafiti aliyerekodi sauti ya msimulizi katika mkondo mmoja na sauti ya wasikilizaji katika mwingine angejikuta amesahihisha rangi na kupoteza maitikio ya ngano.

Faili la saa moja lenye kasi ya megabiti 50 kwa sekunde lina ukubwa wa gigabaiti 22.5 hivi. Kulisimba upya kwaweza kuchukua saa nyingi katika kompyuta ndogo. Kulinakili ni kazi ya dakika. Mahali ambapo umeme hauna hakika, tofauti hiyo si ndogo.

Baada ya hapo ikaguliwe lebo ya kasha nayo, kwa programu ya kuonyesha habari za faili kama vile MediaInfo au ffprobe, ili mkondo na kasha viseme neno moja. Kwa Matroska ipo mkvpropedit, inayobadilisha lebo ya kasha ndani ya faili lilelile bila hata ya kulinakili. Na kwa kuwa hubadilisha palepale, itumiwe juu ya nakala tu, si juu ya faili la asili.

Ipo faida ya pili inayowahusu wanaisimu hasa. Wengi wetu hufafanua video kwa programu ya ELAN ya taasisi ya Max Planck ya Nijmegen, ambayo hulifunga kila neno na wakati wake kwa milisekunde. Video isiposimbwa upya, picha zake hubaki zilezile kwa hesabu na kwa wakati, na ufafanuzi wa miezi mingi hubaki umekaa mahali pake. Ikisimbwa upya, programu yaweza kuongeza au kupunguza picha moja mwanzoni, na maneno yote yakahama kidogo.

7. Kuhakiki na kuandika

Hazina nzuri huweka kwa kila faili alama ya uhakiki, yaani namba ndefu inayopatikana kwa kuzikokotoa tarakimu zote za faili. Herufi moja ikibadilika, namba hubadilika. Baada ya kusahihisha lebo, alama ya faili zima itakuwa tofauti, na mtunzaji asishtuke. Lakini picha zikisimbuliwa, alama ya kila picha katika faili jipya lazima iwe sawasawa na ya picha ileile katika faili la zamani, na ffmpeg yaweza kuzikokotoa zote. Huo ndio uthibitisho kwamba hakuna nukta iliyoguswa. Aliyesimba upya hawezi kamwe kuleta uthibitisho huo.

Kisha iandikwe katika daftari la hazina: faili lilikuwa na lebo gani, lilipewa lebo gani, kwa ushahidi gani, kwa programu gani na siku gani. Faili la asili lihifadhiwe pamoja na kosa lake. Mhariri wa utenzi ulioandikwa kwa herufi za Kiarabu, akiona herufi moja iliyoandikwa mahali pa b, p na mb pia, hatii wino wake katika hati ya kale. Huandika usomaji wake kando. Nasi na tufanye hivyo.

8. Mipaka ya dawa hii

Dawa hii huponya lebo iliyokosewa, wala haiponyi picha iliyokosewa. Ikiwa programu ilizikata tarakimu wakati wa kutoa video, yaani vivuli vyote vilivyokuwa chini ya 16 vikaandikwa 16, basi vimekwisha, na hakuna lebo itakayovirudisha. Ikiwa programu ilizibana tarakimu mara mbili, weusi utasomeka karibu na 30 badala ya 16, na hakuna lebo hata moja kati ya mbili itakayokuwa sahihi. Na ikiwa ndani ya video moja vipande vya simu viko katika wigo kamili na vipande vya kamera viko katika wigo wenye mipaka, lebo moja haiwezi kuwatumikia mabwana wawili. Katika hali hizo hapana budi kurudi kwenye mafaili ya kamera na kuitoa video upya. Kwa sababu hiyo mafaili ya kamera yasifutwe kwa kuwa tu video iliyohaririwa imekamilika.

9. Neno juu ya istilahi

Kwa kuwa jarida hili ni la lugha, yafaa kueleza maneno tuliyoyatumia. Tumesema "wigo wenye mipaka" wala si "wigo pungufu", kwa kuwa upungufu ni ila, na wigo huo hauna ila. Ni desturi tu. "Kusimba" na "kusimbua" yamekwisha kukubaliwa katika istilahi za kompyuta, nayo yanafaa kwa sababu kinyume chake kimo ndani ya mnyambuliko wenyewe. "Metadata" tumeiachia habari zote za faili kwa jumla, na "lebo" tumeitumia kwa habari moja moja. Zaidi ya yote, twashauri kazi hii isiitwe "kurekebisha rangi". Maneno hayo tayari yana maana ya kuibadilisha picha ili ipendeze, na mwanafunzi akiambiwa arekebishe rangi atafanya hivyo hasa. Aambiwe asahihishe lebo. Hapa jina baya laweza kuleta tendo baya.

10. Hitimisho

Tumeona kwamba katika kila kumbukumbu, iwe ya nta, ya filamu au ya tarakimu, pana vitu viwili: kilichonaswa, na maelezo ya jinsi ya kukisoma. Maelezo yaweza kukosewa, na yaweza kusahihishwa mara nyingi kadiri elimu inavyozidi. Kilichonaswa hakina nafasi ya pili. Kwa hiyo wanaokwenda Masasi na Newala na kamera zao wasikimbilie kuisimba upya video iliyofifia kabla ya kuisoma lebo yake. Waweke ukurasa wa weusi na weupe mwanzoni, wapime tarakimu, wasahihishe kilichokosewa peke yake, na waandike walichofanya. Chale za mzee zitakuwa zimo bado ndani ya faili, katika tarakimu zilizo chini ya thelathini, zikingoja kusomwa kwa wigo wake.